Anande na Kisima cha Mshili

Anande Yona Ndekirwa Mbise ndilo jina lake lote, na kila kipande cha jina hilo kina kazi iliyofanywa. Ndekirwa, babu yake, aliondolewa Ngare Nanyuki pamoja na Wameru wenzake mwaka wa hamsini na moja, nyumba zikiungua nyuma yao. Akakataa kupanda lori la serikali, akauzunguka mlima kwa miguu akiswaga ndama mmoja hadi huku chini ya Nkoaranga. Huku wakamfanya mshili, mkubwa wa ukoo. Mwaka wa hamsini na nane akaichimbua chemchemi iliyokuwa imezibwa na matope, akaijengea birika la saruji, na kabla saruji haijakauka akaandika mwaka kwa ncha ya msumari. Ndiyo maana mahali pale pakaitwa Kisima cha Mshili. Yona, baba yake, alibeba mawe ya kanisa begani, akapanda miche mia nne ya kahawa na hakung'oa hata mmoja bei ilipoanguka. Mama yake alizaa tisa, akazika watatu, na miaka yake ya mwisho alilala chali kama gogo, shingo haigeuki, magoti hayakunjiki. Watu walisema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Anande mwenyewe alianza na ufagio. Alimaliza kidato cha nne, akarudi nyumbani, akakaa. Mwaka wa tisini na moja akapata kibarua cha kufagia maktaba ya chuo kimoja kule Moshono, enzi ambazo Moshono ilikuwa bado mashamba ya mahindi na njia za ng'ombe. Hakuolewa. Alipangusa vumbi huku akisoma migongo ya vitabu, mpaka akajua kila kitabu kinalala wapi kuliko waliolipwa kujua. Kompyuta zilipoingia, mkutubi mkuu, Bwana Oscar Lemburis, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, alimwondolea ufagio mkononi akauegemeza ukutani.

"Keti hapa. Umefagia vya kutosha," alisema. "Mnadani umewahi kwenda?"

"Mara nyingi."

"Basi sikiliza. Hii injini ya wasomi ya kutafutia makala kwenye mtandao ni mnada. Ng'ombe aliyezungukwa na watu wengi ndiye utakayemwona kwanza. Si kwamba ni mzima. Ni kwamba watu wamemzunguka. Na hizi kanzidata tunazolipia hapa maktabani ni zizi. Mifugo imetengwa kwa rika na kwa alama, unamkagua mmoja mmoja hadi kwato. Ila zizi lina mlango, na ufunguo uko hapa chuoni. Mwenye akili hupita mnadani, halafu akaingia zizini. Anayeishia mnadani atafika nyumbani na ng'ombe mgonjwa, na bado atachinja kuku wa kusherehekea."

Maneno hayo Anande aliyashika, akayafundisha miaka na miaka. Mwanafunzi akija na karatasi tatu alizookota mtandaoni, alimuuliza, "Zizini umeingia?" Wengine walimcheka, wengine wakamshukuru kwa maandishi mwanzoni mwa tasnifu zao, na kurasa hizo alizitoa nakala akazihifadhi kwenye bahasha. Nyumbani waliposikia, wakaanza kumwita msomi wetu. Hakuwakataza. Nani angekataza?

Kulikuwa na jambo moja lililomuuma. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yana mistari kama ubao wa zamani, kama meno ya watu wote waliokulia kitongoji kile. Wanafunzi waliotoka mikoa mingine waliyatazama. Alijifunza kucheka akiwa ameweka kiganja mdomoni, na alijifunza kulichukia swali lile lililokuwa likiulizwa kila mara: "Kwani kwenu mnakunywa maji gani?" Maji ya kwao yalikuwa maji ya babu yake. Mtu akiyatukana maji hayo, Anande alisikia ametukanwa Ndekirwa kaburini.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, kabla ya Pasaka, wafadhili walikuja kitongojini na habari njema. Walikuwa na mabomba ya kuleta maji ya kijito cha juu, karibu na msitu. Wananchi watachimba mtaro, basi. Lakini mtaro ulipaswa kupita katikati ya kahawa na migomba ya watu, kwenye mwinuko ambao hata mbuzi huukata kwa kupumzika. Watu wakaanza kujiuliza kama kuna haja. Mshili wa wakati huo akasema, "Tunaye msomi. Atuambie kama ni maji yetu yanayoharibu meno. Akisema ni maji, tutachimba. Akisema siyo, tuwaachie wafadhili mabomba yao."

Wakampa siku sita. Anande akakubali mbele ya watu wote.

Chuo kilikuwa kimefungwa kwa Pasaka, na kanzidata za maktaba hazifunguki ila kwa kompyuta za chuo. Alijua. Jumamosi akaketi jikoni kwa kaka yake Meshack, akashika simu, akaingia kwenye injini ya wasomi. Hakuandika "maji". Aliandika "magadi" na "meno", kwa sababu aliwahi kusikia kwamba magadi ya kulainishia makande nayo huharibu meno, na habari hiyo ilimpendeza. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Makala ya kwanza kabisa iliyotokea ilikuwa imenukuliwa na watafiti zaidi ya mia tatu. Muhtasari wake ulisema watoto wa nyumba zinazopikia magadi katika miteremko ya Meru wana meno mabovu kuliko wa nyumba zisizopikia. Hakuipata makala nzima, ilikuwa inauzwa. Muhtasari ulimtosha. Akashuka Usa River kwenye duka la kuchapia, akachapisha ukurasa mmoja.

Kikaoni alisoma ukurasa ule kwa Kiingereza kwanza, kisha akaufasiri. Mwalimu Yoeli Kaaya wa shule ya msingi, kijana wa miaka thelathini hivi aliyependa kuuliza maswali, akasimama.

"Dada Anande, samahani. Hiyo karatasi umeitoa wapi?"

"Kwenye mtandao wa wasomi."

"Na kule maktabani kwenu umeangalia? Maana hapa naona magadi tu. Hao wanaopika kwa magadi, maji yao yalipimwa?"

Angeweza kusema maktaba imefungwa, tungoje wiki mbili. Kikao kingengoja. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, na Mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini.

"Mwalimu, wewe wafundishe watoto kujumlisha," alisema. "Haya ya utafiti utuachie sisi tunaolala nayo."

Watu wakacheka. Mwalimu Yoeli akaketi, akakunja mikono. Siku ile ile wakapitisha kwamba magadi yakome majumbani, na Kisima cha Mshili kibaki kisima chao. Wafadhili wakavuka korongo, wakapeleka mabomba kwa jirani.

Mwezi wa sita mwaka huo Sabina, mke wa Meshack, alijifungua mtoto wa kike. Sabina ni wa Waarusha, akampa mtoto jina la kwao, Namelok. Alikuwa mama mtiifu kuliko wote. Magadi aliyafukia shambani na makande akayapika nusu ya siku bila magadi. Maji ya kisima aliyachemsha, akaacha sufuria ichemke mpaka maji yapungue, kwa usafi, kama kliniki ilivyofundisha. Ndiyo aliyompikia mtoto uji na kumnywesha.

Namelok alipotimiza miaka mitatu magoti yalianza kutazamana. Majirani wakasema mpe mayai. Akampa mayai. Miaka mitano, wakasema mwoteshe jua. Akamwotesha jua. Alipofika saba, alikuwa anatembea kama mtu anayevuka mto wenye mawe, na njia ya shuleni ilikuwa ya mwinuko, akawa anaipanda kwa kushika nyasi. Mwaka wa ishirini na tatu Sabina akambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akampeleka kwa daktari. Daktari aliitazama picha ya mifupa muda mrefu.

"Mama, nyumbani mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima, daktari. Na nayachemsha sana."

Daktari akaweka picha mezani. Alimweleza kwamba yapo madini yanayoitwa floraidi, kwamba hayaondoki kwa kuchemsha, na kwamba maji yakipungua sufuriani madini hubaki yote. Kesho yake Sabina alipanda gari hadi Moshono, akaingia maktabani na kanga yake ya shambani, akasimama mbele ya meza ya Anande.

"Wifi, leo nimekuja kama mwanafunzi wako. Daktari anasema maji. Wewe ulisema magadi. Nitafutie."

Anande akamvutia kiti. Alifungua kwanza injini ya wasomi, akaandika maneno yale yale ya siku ile. Makala ile ile ikatokea juu kabisa. Sasa ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara mia nne.

"Ndiyo hiyo?" Sabina akauliza.

"Ndiyo."

"Basi ingia kwingine."

Akaingia kanzidata ya maktaba. Safari hii aliandika maji, na floraidi, na mifupa, na Meru. Akachuja kwa mada, akapanga kwa miaka, mpya juu na kuukuu chini, akaanza kushuka moja moja kama alivyowafundisha wengine. Ya kumi na tatu ilikuwa na majina mawili aliyoyafahamu. Walikuwa watafiti wale wale wa magadi. Akaifungua nzima, maktaba ilikuwa imeilipia. Kwenye aya ya pili waliandika kwamba mwanzo walipima magadi wakasahau kupima visima vya nyumba zile. Kwamba walirudi wakavipima. Na kwamba magadi huongeza tu, lakini ubaya wenyewe umo majini. Chini palikuwa na jedwali. Chanzo namba tisa: chemchemi, mteremko wa kusini-mashariki, birika la saruji lililoandikwa 1958. Floraidi mara sita ya kiwango cha kunywa.

Alinakili kichwa cha makala ile, akarudi nacho kwenye injini ya wasomi. Ilikuwemo. Ilikuwemo siku zote, ukurasa wa saba, imenukuliwa na watu kumi na mmoja tu. Akabonyeza kuwaona hao kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa amepima visima vyake, na kila mmoja alisema lile lile. Mnada na zizi vilikuwa vimekubaliana, na hakubaki na mahali pa kujificha.

Sabina hakujua Kiingereza. Alikuwa anautazama uso wa wifi yake, si kioo cha kompyuta. Kama Anande angesema sijapata kitu, nani angejua? Jina la Ndekirwa lingebaki safi, na msomi angebaki msomi.

"Wanasemaje, wifi?"

Anande akatoa kiganja mdomoni. "Wanasema ni maji. Kisima chetu chenyewe wamekitaja."

"Wamesema lini? Mwaka huu?"

"Mwaka wa elfu mbili na tisa."

Sabina akahesabu kwa vidole kwenye upindo wa kanga. Alihesabu taratibu, akarudia.

"Namelok alikuwa hajazaliwa," alisema. Akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Kwa watu wa mlima, mwenye kosa kubwa hutafuta jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea. Isale haikataliwi, anayeikataa hujitafutia balaa yeye. Anande alikata jani kwenye mpaka wa shamba la marehemu baba yake, akaenda kwa kaka yake asubuhi akiwa peku. Meshack alipoliona alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Sabina akabaki.

"Umeleta isale, wifi, na isale haikataliwi. Nimepokea," alisema. Akaliweka jani juu ya kabati la vyombo. "Ila kwa sasa usinitazame."

Namelok alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama."

Muda wote Anande aliitazama miguu ya mtoto, maana uso wa mama yake alikuwa amekatazwa.

Aliomba kikao mwenyewe. Wazee walikuja, na wanawake wakaja wengi zaidi, kwa sababu habari ilikuwa imetangulia. Alisimama akasoma jedwali lote, namba kwa namba, kisha akasema kwamba siku ile ya Pasaka hakuingia maktabani, na kwamba alitafuta neno alilotaka kulisikia akaliacha lile aliloliogopa. Hakulia.

Mzee mmoja akagonga fimbo. "Babu yako alikunywa maji hayo hadi miaka themanini na tisa. Leo unayatukana?"

"Alifika themanini na tisa, baba. Na miaka kumi ya mwisho ukimwita kwa nyuma alikuwa anageuka mwili mzima kama mlango. Mama yangu naye mnamkumbuka. Mlisema ni uzee."

Hapo nyuma mwanamke akasema, "Mimi magadi nilimwaga kilo nzima kwa ajili yako," na mwingine akamwuliza kama safari hii ana uhakika au ni karatasi nyingine ya Usa River. Watu wakageuka kumtazama Mwalimu Yoeli, wakingoja amalize kazi. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Alisimama.

"Namba ya ile makala niandikie," alisema tu. "Nitaisoma mwenyewe." Akaketi.

Wakakubaliana kwamba kisima kibaki cha mifugo na kufulia. Wafadhili walikuwa hawapo tena. Mtaro utachimbwa kwa jembe na kwa zamu, kila nyumba kipande chake. Anande mwenyewe alipanda masale kuzunguka birika la babu yake, moja baada ya jingine, kama watu wanavyoweka mpaka wa shamba. Alipofika upande wenye maandishi ya msumari aliweka jani likaufunika mwaka.

Bomba lilichukua miaka miwili. Miaka hiyo wanawake walipanda hadi kijito cha juu na ndoo, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, kwa njia ya utelezi. Walipopita mbele ya nyumba ya Anande Jumamosi na ndoo vichwani, kuna waliosema kwa sauti ya kusikika, "Asante kwa magadi, shangazi." Alikuwa anatoka na ndoo yake, anawafuata nyuma. Hakuna aliyemngoja. Daktari alisema Namelok angoje akue, ndipo mifupa ivunjwe inyooshwe, na hata hivyo haitanyooka yote. Hivi sasa ana miaka kumi. Anapanda kuelekea shule kwa kushika nyasi.

Mwaka huu wa ishirini na tano Anande ametimiza sitini na chuo kimempa barua ya kustaafu. Siku ya mwisho alimwomba mkutubi kijana amwandikie kadi moja ya msomaji wa nje, kwa jina alilolitaja. Jioni ile ile akaenda shuleni. Mwalimu Yoeli alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la sita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwalimu. Sikai." Akaweka juu ya madaftari kadi, na daftari la jalada gumu ambalo ameandika maneno yote ya kutafutia, Kiswahili na Kiingereza, na hatua za kuingilia kwenye kanzidata. "Hii itakufungulia zizi la Moshono. Kila mwezi wa kwanza, kabla ya mkutano wa kitongoji, utakwenda. Utapita mnadani, halafu zizini, na utakayoyakuta utayasoma mbele ya watu."

Mwalimu akaifungua kadi, akaliona jina lake. "Mbona mimi? Wapo ndugu zako wamesoma chuo kikuu."

"Ndugu zangu wananipenda. Wewe uliniuliza nikakutukana."

"Nimeshasahau."

"Usisahau. Ndiyo kazi yenyewe." Akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akamwonyesha mstari alioupigia wino mara mbili. "Kabla ya yote, utatafuta linalosema tumekosea. Likikosekana mnadani, usirudi nyumbani, ingia ndani. Ukilipata, hata kama watu wote wanacheka, hukai chini."

Nje, kwenye bomba jipya la shule, watoto walikuwa wanakinga maji kwa viganja, wanakunywa, wanamwagiana. Kitongoji kizima kinajivunia maji yale, na hakuna mtu aliyeyapima tangu yafunguliwe.

Anande akawatazama kidogo, akamsogezea Mwalimu kalamu.

"Anza na hayo," alisema.